Mashua ya kutumika milioni 4 pale Mkokotoni: kuna nini hapa?

#1 Baba Thureya
Salaam wadau. Nina mke na watoto watatu (miaka 13, 10 na 6). Tangu mdogo nina hamu ya kutembea Unguja na Pemba kwa tanga, si kwa feri, na nikisema ningoje kustaafu watoto watakuwa wameshaoa na kuolewa. Nimeweka akiba ya milioni 6. Natafuta chombo kilichotumika, cha mbao au faiba, kituchukue sisi watano na mabaharia wawili. Twende Tumbatu, tuvuke Mkoani, Misali, Wete, turudi. Nakusudia likizo ya skuli ya Disemba.

Wiki iliyopita nilikuwa Mkokotoni kwa shughuli nyengine nikaiona mashua imelazwa juu ya mchanga, ubavu mmoja umeegeshwa magogo. Nilivyopiga hatua ni mita 8 hivi. Tanga lipo, foromali (mti unaobeba tanga) ipo, mlingoti umelazwa ndani. Mashine haina. Kijana niliyemkuta pale ananambia milioni 4, na ina miezi minane haijagusa maji. Nikamuuliza mbona rahisi hivi? Akacheka, akasema "tazama mwenyewe ami". Jina limekwanguliwa ubavuni, zimebaki herufi mbili za mwanzo: SA.

Wanaojua vyombo, hii ni bahati yangu au ni mtego?

#2 Dogo wa Mlandege
Milioni 4 ni Vespa na kofia yake. Natandika mkeka hapa nasubiri wakubwa.

#3 Tezo Kali
Waalaykum salaam. Mie nachonga vyombo Nungwi, baba yangu alikuwa fundi na babu pia. Mashua haitazamwi juu, inatazamwa tumbo. Rangi ni kama wanja, kila mtu hupaka.

Chukua bisibisi nyembamba. Anza kwenye mkuku, ule mti wa chini kabisa, kutoka omo (mbele) mpaka tezi (nyuma), choma kila shubiri. Ikigoma, vizuri. Ikizama kama kwenye mkate wa mofa, funga mdomo urudi nyumbani. Halafu ingia ndani utazame mataruma, zile mbavu za chombo, khasa yale ya katikati chini ya mlingoti, maana ndiko uzito unakokaa. Taruma lililovunjika limewekewa pacha pembeni? Si aibu, wote tunafanya, lakini yakifika manne au matano chombo kimeshateseka. Tazama vichwa vya misumari. Palipo na michirizi myekundu kwenye mbao msumari umeliwa, na ubao unashikwa na rangi tu.

Na uulize mbao gani. Kama ni mwembe mtupu, bei hiyo si rahisi, ni ghali.

#4 Profesa Uchwara
Tezo Kali anakutisha bure. Sababu ni soko. Vijana wote sasa wanataka faiba na Yamaha ya farasi 40, waende Mnemba na wageni warudi kabla ya adhuhuri. Nani atakaa kungoja upepo? Mashua ya tanga bila mashine ni kama simu ya waya. Inafanya kazi, ila hainunuliki. Hiyo milioni 4 utaishusha mpaka 3 na nusu.

#5 Mkojani Halisi
Profesa wewe bahari unaijua kwa kula pweza tu 😂

Baba Thureya, naomba nicheke kidogo kwanza. Hilo unaloliita safari ya familia, sisi Kojani tunaliita dago. Wazee wetu walikuwa wanapakia mke, watoto, sufuria, kuku na mkeka, wanatweka tanga wanakwenda kupiga kambi ya uvuvi miezi. Mie nimejifunza kutembea juu ya mchanga wa dago. Kwa hivyo linawezekana, na mashua ya mita 8 inatosha. Ila Disemba?? Nani kakwambia Disemba?

#6 Baba Thureya
Disemba kwa sababu ya skuli ndugu yangu. Kuna tatizo gani?

#7 Mkojani Halisi
Kaskazi. Kutoka Nungwi kwenda Mkoani unaelekea kaskazini mashariki, na kaskazi nayo inakuja kutoka huko huko. Utabisha, yaani utakwenda upande upande dhidi ya upepo, siku nzima na watoto wanatapika. Kwenda Pemba ni kusi, kurudi ni kaskazi. Hivyo ndivyo walivyosafiri wazee.

#8 Dogo wa Mlandege
Si kilomita 30 tu pale? Mashine ndogo ya kuazima inamaliza hiyo habari.

#9 Raskazoni
Dogo, 30 ni maili za baharini, Nungwi mpaka Mkoani. Kwa kilomita ni 55 hivi. Chombo kinachokwenda noti 5 (maili 5 za baharini kwa saa) kinachukua saa sita, na hapo upepo uwe rafiki. Ukibisha hesabu njia mara mbili, wala usicheze na mkondo katikati. Maji ya pwani yetu yanakwenda kaskazini mwaka mzima, na wakati wa kusi yanakimbia kweli kweli. Spice Islander ilizama huko huko mkondo wa Nungwi 2012, na ile ilikuwa meli.

#10 Mama Wawili
2011, Raskazoni. Septemba 10, 2011. Ya Julai 2012 ni Skagit, upande wa Chumbe. Nakusahihisha kwa sababu kwetu tarehe hizo hatuzichanganyi.

#11 Raskazoni
Nimekosea dada, samahani sana. Mungu awarehemu.

#12 Mama Wawili
Amin.

Sasa niulize swali ambalo nyote mmelipita. Mkeo umemuuliza? Na haja mtajisaidia wapi? Majahazi makubwa yalikuwa na kile kibanda cha choo kinaning'inia kule tezi. Mashua ya mita 8 haina kitu, ni uwanja mtupu. Una binti wa miaka 13 humo. Na kivuli? Jua la Disemba saa saba mchana katikati ya bahari, foromali haikingi hata paka.

#13 Baba Thureya
Mama Wawili, umenipata. Mke wangu amesema "nunua kwanza nione", nimeshindwa kujua ni ndiyo au ni kejeli.

#14 Mama Wawili
Ni hapana.

#15 Tezo Kali
😂😂 Ni hapana ya kistaarabu.

Choo si kazi kubwa. Nimeshawatengenezea watu wawili sitara ya mbao kule nyuma, ndoo ndani, pazia mbele. Kivuli ni turubai na miti minne, ila ukitaka kupindua tanga lazima ulitoe. Na Profesa, tanga la mashua hulipindui kwa kuvuta kamba moja kama boti za Wazungu. Unalizungusha foromali mbele ya mlingoti, na hapo unataka watu watatu wenye mikono. Baba Thureya akishika kana (mkono wa usukani), mabaharia wawili hawatoshi. Aongeze mmoja.

#16 Raskazoni
Ndio maana mimi ningesema achana na mashua. Hapa Tanga, na Dar pale Msasani, mara moja moja Mzungu anazeeka au anaachana na mkewe, anauza boti yake ya faiba. Ina vitanda, choo, jiko la gesi, tanga mbili anazoziendesha mtu mmoja. Nimeona za futi 26 mpaka 30 zikitajwa bei ambayo si mbali sana na bajeti yako ukiiongeza kidogo. Na inabisha vizuri mara tatu kuliko mashua, hilo la kaskazi halikutishi tena.

#17 Kisiwani Panza
"Ukiiongeza kidogo." Kila balaa la Mpemba lilianzia hapo.

#18 Forodha ya Zamani
Naongeza kwa Raskazoni. Ukinunua boti ya mgeni, uliza kwanza iliingiaje nchini. Nyingi zinaingia kwa muda tu kama chombo cha msafiri. Siku inauzwa kwa mwenyeji, ushuru unaamka. Muuzaji amepanda ndege, wewe umebaki na boti na barua. Niliona kwa macho yangu mtu alinunua boti kwa bei ya kurusha, ushuru na gharama zake zikaja kuzidi boti yenyewe. Makaratasi kwanza, mlingoti baadaye.

#19 Tezo Kali
Na mkuku wake je? Zile boti zina mkuku unashuka mita moja na nusu au zaidi. Tofauti ya maji kujaa na kupwa kwetu siku za bamvua inafika mita 4. Ukilala Tumbatu au ndani ya hori za Wete, maji yakipwa inaanguka ubavu kama ng'ombe. Mashua unailaza juu ya mchanga, watoto wanashuka kwa miguu wanatafuta chaza, maji yanarudi mnaondoka. Tena hapo hapo unaikagua tumbo bila kulipa mtu.

#20 Raskazoni
Hilo nakubali. Hilo tu.

#21 Mzee wa Mizingani
Nimesoma yote. Mnazungumza mbao na upepo, mmesahau mirathi. Nimekaa bandari ya Malindi miaka mingi. Chombo kilicholala miezi minane huku tanga na foromali vimo ndani, hakina ugonjwa wa mbao. Kina warithi. Mtu mwenye chombo kibovu huuza tanga kwanza, foromali pili, mwisho anauza mbao kwa wenye matanuri ya chokaa. Hiyo imekamilika, maana yake mwenyewe kafa, watoto hawasikilizani, na mmoja anataka kuiuza kabla wenzake hawajajua. Muulize huyo kijana hati ya usajili ya ZMA (mamlaka ya usafiri baharini Zanzibar) ina jina la nani.

#22 Dogo wa Mlandege
Mzee kaingia kama hakimu wa kadhi 🙌

#23 Kisiwani Panza
Mirathi inawezekana. Ila jina limekwanguliwa jamani. Mrithi ana haja gani ya kukwangua jina la chombo cha baba yake? Jina anakwangua mtu anayekimbia. Mie nafikiri magendo. Mnajua karafuu zinanunuliwa na serikali peke yake, na mnajua vyombo vilivyokuwa vikivuka usiku kutoka huku kwetu kwenda Shimoni, Kenya. Chombo cha namna hiyo kikishajulikana na KMKM (kikosi cha kuzuia magendo), mwenyewe anakihamishia Unguja, anakwangua jina, anakiuza cha kutupa.

#24 Mkojani Halisi
Panza mmetuzidi nini nyie kwa kujua njia za usiku? 👀

#25 Kisiwani Panza
Nasoma magazeti.

#26 Sifa na Deheni
Habari zenu. Mimi ni baharia, sasa niko nchi kavu kwa sababu ya mgongo. Jina kukwanguliwa si dalili ya kitu. Kila mwaka chombo kikipandishwa kupakwa, unakwangua rangi yote ya zamani, unatia moto wa makuti chini ya tumbo kuua wadudu wanaotoboa mbao, unakalafati (unaziba mianya) upya kwa pamba na sifa (mafuta ya papa), unapaka deheni (mafuta na chokaa) chini na rangi juu, jina linaandikwa mwisho kabisa. Mashua hiyo ilipandishwa kutengenezwa, fedha ikamalizika katikati. Basi. Nimeona vyombo kumi vya namna hiyo. Herufi mbili zimebaki kwa sababu aliyekuwa anakwangua alikwenda kula.

Baba Thureya, pale penye mkono wa maji, chini umeona deheni mpya, nyeupe?

#27 Baba Thureya
Ahsante sana. Kwa kweli sikutazama huko. Nakumbuka nusu ya ubavu mmoja ilikuwa mbao tupu, haina rangi.

#28 Sifa na Deheni
Ndio hiyo hiyo.

#29 Bint Tumbatu
Mnisamehe, nami mashua hiyo nimeiona nikipita kwenda kupanda chombo cha kwetu. Hamtaki kusema lakini nitasema. Watu wa pale hawaigusi. Watoto wanachezea vyombo vyote vilivyolazwa, hiyo hawapandi. Nilimuuliza bibi mmoja muuza urojo akanambia "hicho kina mwenyewe". Basi.

#30 Profesa Uchwara
Haya, tumefika kwa majini. Ukurasa wa tatu, tumechelewa leo.

#31 Bint Tumbatu
Mimi sikusema jini. Nimesema bibi kasema kina mwenyewe. Labda ana maana ya mirathi ya Mzee wa Mizingani. Wewe ndiye uliyelitaja.

#32 Mzee wa Mizingani
Ahsante mwanangu.

#33 Dogo wa Mlandege
Mie nauliza kitu chengine. Lile jahazi la plastiki lilokuja Forodhani, la makopo na makandambili, lile haliozi na wadudu hawatoboi. Si lilitengenezwa hapa Unguja? Kwa nini Baba Thureya asichukue kama lile?

#34 Raskazoni
Flipflopi. Lilitengenezwa Lamu, likaja Unguja kwa tanga mwanzoni mwa 2019. Plastiki iliyookotwa pwani ndiyo iliyotumika. Ila halikuwa la kuuza dukani, Dogo.

#35 Tezo Kali
Niliona picha zake. Fundi wake anajua kazi, plastiki ile imekatwa kwa msumeno na kupigwa misumari kama ubao. Ila mie nikiikosea mbao, naitia jikoni. Plastiki nikiikosea naipeleka wapi?

#36 Dogo wa Mlandege
Basi achukue ule mtepe, chombo cha kushonwa, wa makumbusho ya Beit el Ajaib.

#37 Mama Wawili
Beit el Ajaib yenyewe sehemu yake ilianguka Disemba 2020 na wewe unataka kutoa chombo humo.

#38 Msuka Mnara
Turudi kwenye wakati, kwa sababu naona Mkojani kamaliza mjadala mapema. Kwenda Pemba kwa kusi ni kweli, lakini ipi? Juni na Julai bahari ni chafu mno kwa mtoto wa miaka sita, hata kama upepo unakufaa. Na haukusukumi mgongoni kama watu wanavyodhani. Unakuja ubavu wa kulia, nyuma kidogo, mawimbi yanakugeuza kila dakika. Wakati mzuri ni demani, kusi ikishachoka, Septemba na Oktoba. Ukichelewa unaingia maleleji, upepo unakufa, unakaa katikati ya mkondo unauangalia mnara wa Ras Kigomasha unakupita.

#39 Mkojani Halisi
Mnara upo kaskazini kabisa ya Pemba, bwana. Akiuona huo na yeye alikuwa anakwenda Mkoani, kashapotea. 😂 Lakini demani nakubaliana nawe. Ila maleleji mie ndio napenda kwa familia. Bahari kama kanzu iliyopigwa pasi. Mashine ndogo ya farasi 15 kwa ajili ya mkondo, tanga kwa ajili ya roho.

#40 Msuka Mnara
Tanga kwa ajili ya roho ni kauli ya mtu mwenye mashine.

#41 Kisiwani Panza
Na skuli? Septemba na Oktoba watoto wako darasani.

#42 Mama Wawili
Ndio maana nasema hapana ni hapana.

#43 Mzee wa Mizingani
Kuna njia ya kati. Disemba akaanze na Unguja peke yake. Ashuke Mkokotoni, Tumbatu, arudi mjini kwa kaskazi nyuma yake, Bawe, Chumbe kwa mbali, Fumba, ghuba ya Menai, Uzi, Kizimkazi. Maji ya upande wa magharibi yamekingwa. Mwaka unaofuata akishakijua chombo, ndipo afikirie Pemba. Nilipokuwa kijana hakuna mtu aliyeruhusiwa kuvuka mkondo kwa chombo asichokijua tabia.

#44 Baba Thureya
Mzee wangu, naliandika hili. Lakini Misali ndiko ninakotaka kuwapeleka. Nimewasimulia watoto kisa cha Nabii Khidhr alipoomba msala wa kusalia kwa wavuvi wakakosa, na kisiwa kikaelekea kibla. Yule mdogo kila Ijumaa ananiuliza tunakwenda lini kwenye msala.

#45 Msuka Mnara
Nendeni, na muulize ofisi ya hifadhi kabla ya kulala pale, ni eneo la hifadhi tangu 1998, si kila pwani utapiga kambi. Kasa wanataga.

#46 Sifa na Deheni
Kitu kimoja hakijasemwa. Miezi minane juu ya mchanga, mbao zimekauka na zimejikunja. Utaona mwanga kati ya ubao na ubao, usiogope, na usikalafati ukiwa umekauka ukajaza pamba mpaka mwisho, maana mbao zikivimba zitasukumana zing'oe misumari. Kishushe majini kijae, kikae siku kadhaa kwenye kina kifupi, kinywe. Kisha ndio utajua kinavuja wapi hasa. Na mnunue farumi. Watoto watatu na sufuria si uzito. Mashua tupu na tanga kubwa hupinduka kabla hujasema bismillahi. Mifuko ya mchanga, ipangwe chini, ifungwe.

Tanga pia litazame. Kama ni kitambaa cha marekani na limekaa limekunjwa na unyevu miezi minane, livute kwa mikono miwili. Likichanika kama gazeti, ondoa laki kadhaa kwenye bei.

#47 Baba Thureya
Wadau, nimerudi kutoka Mkokotoni. Nilikwenda Jumamosi na fundi (si Tezo Kali, alikuwa na kazi, ila alinielekeza mtu). Ripoti:

Mkuku: bisibisi iligoma kote isipokuwa shubiri mbili kule tezi, karibu na fashini (mti wa nyuma unaosimama). Fundi anasema pale panakatwa na kuunganishwa.
Mataruma: matatu yana mapacha. Mawili ni mkomafi mpya kabisa, bado yana harufu.
Mbao: ubavu wa kushoto fundi kasema ni mfenesi na mbao za zamani ngumu asizozitambua. Ubavu wa kulia, kuanzia mkono wa maji kwenda chini, mbao sita ni mpya na ni mwembe.
Tanga: marekani, limechanika kama gazeti. Sifa na Deheni, ulikuwa unaliona?
Deheni: hakuna, upande wowote.
Hati: kijana anasema iko kwa kaka yake, kaka yake yuko Omani.
Bei: sasa ni milioni 4 na laki saba. Nikamuuliza imepandaje, akanambia "watu wameanza kuiulizia mtandaoni".

#48 Dogo wa Mlandege
😂😂😂😂 Uzi umekula mashua.

#49 Tezo Kali
Mbao sita ubavu mmoja, mfululizo, na mataruma mawili mapya upande huo huo? Hicho hakikuoza. Kuoza hakuchagui hivyo. Hicho kiligonga. Mwamba, au kiligongwa na chombo kikubwa. Aliyetengeneza alitafuta mbao ya karibu na ya rahisi ili kiweze kuelea mpaka kiuzwe.

#50 Sifa na Deheni
Au kililala vibaya juu ya jiwe wakati wa kupwa. Nimeona ubavu mzima ukiingia ndani bila hata upepo. Tezo usiwe mwepesi.

#51 Kisiwani Panza
Au kilipigwa kikifukuzwa usiku. Nasema tu.

#52 Mzee wa Mizingani
Hati iko Omani. Nilisemaje?

#53 mjukuu_wa_kwanza
Assalaam alaykum. Nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu. Mashua hiyo naijua, ni ya marehemu babu yetu na familia haijakubaliana kuiuza. Anayeiuza hana idhini. Naomba mnunuzi asitoe fedha.

#54 Profesa Uchwara
Jina jipya, ujumbe mmoja, siku bei imepanda. Huyu ni mnunuzi mwengine anayetaka kumkimbiza Baba Thureya.

#55 Bint Tumbatu
Au ndiye mwenyewe aliyesemwa na bibi wa urojo.

#56 Baba Thureya
mjukuu_wa_kwanza, kama ni ya babu yako, mashua inaitwaje? Jina zima. Herufi za mwanzo zimeshatajwa juu.

#57 Dogo wa Mlandege
Swali la karne. Mie nasema Salama.

#58 Mama Wawili
Salama gani yenye mbao sita za mwembe? Sahau.

#59 Msuka Mnara
Safina. Mashua za wazee nyingi zilikuwa Safina.

#60 Mkojani Halisi
Wakati mnangoja, Baba Thureya, nimezungumza na ami yangu. Ana mashua ya mita 9, mashine ya farasi 15, anakwenda dago Oktoba na mkewe. Haiuzi, ila siku nne atakuchukueni Mkoani mpaka Misali kwa mafuta na chakula. Watoto waombewe ruhusa skuli. Choo kipo, mama yangu mdogo hapandi chombo kisicho na sitara. Mwambie mkeo azungumze naye, nitakutumia namba faraghani.

#61 Baba Thureya
Nimemsomea. Kasema "huyo mama nipe mie nimpigie". Wadau, hii ni ndiyo?

#62 Mama Wawili
Hiyo ni ndiyo. Usiongeze neno.

#63 Tezo Kali
Na mashua ya Mkokotoni?

#64 Baba Thureya
Nimemwambia kijana nitampa milioni 3 siku ataniletea hati. Kacheka tena vile vile.

#65 mjukuu_wa_kwanza
Sabiri.

#66 Profesa Uchwara
Hilo kalipata wapi? Baba Thureya, herufi ya tatu imebaki hata mstari mmoja?

#67 Baba Thureya
Umebaki mstari mmoja umesimama. Inaweza kuwa B. Inaweza kuwa L isiyo na mguu. Jumamosi nakwenda tena na tochi.